WAMECHOKA, LAKINI HAWAJARUDI NYUMBANI

Masomo: Waamuzi 8:4–12, 1 Wafalme 19:1–18, Luka 17:11–19
Mahubiri ya ibada ya Jumapili, Masimba. Yameandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakufika na kwa makundi ya nyumbani.

  

Fungua Waamuzi sura ya 8, mstari wa 4. Utausoma mwenyewe polepole ukifika nyumbani, mimi nitakusimulia. Gideoni amefika mto Yordani na wale watu wake 300. Usiku kucha hawajalala. Wamevunja mitungi, wamepiga tarumbeta, Wamidiani wametawanyika. Na sasa wanavuka mto, matumbo matupu, miguu imevimba. Maandiko yanatuambia mambo mawili juu yao kwa mkupuo mmoja: kwamba nguvu zimewaishia, na kwamba bado wanamfuata adui.

Hebu kaa hapo kidogo. Sisi huwa hatuyaweki hayo mawili pamoja. Sisi mtu akichoka tunasema ameshindwa. Mama akilia kwenye maombi tunanong'ona, "Huyo imani imepungua." Lakini Biblia haioni aibu kusema juu ya watu wa Mungu kwamba walichoka. Walichoka na walikuwa njiani. Mwambie jirani yako: unaweza kuchoka na bado uko vitani. (Amina!)

Wengi wenu mnanijua. Siku za wiki mimi ni mtu wa maabara, nashinda na chupa ndogo za damu na darubini. Jumapili nashika Biblia. Mchungaji ameniomba leo nivilete vyote viwili hapa madhabahuni, kwa sababu kuna maneno yanazunguka hapa kwetu ambayo yanaweza kuua mtu. Sitasema yametoka kinywani mwa nani. Maneno yenyewe ni haya: kwamba mtu mwenye virusi vya Ukimwi akishaombewa, ishara ya imani ni kutupa vidonge. Nimekuja kuyajibu hayo. Na nitayajibu kwa kukuonyesha kitu ambacho Mungu amekiweka ndani ya damu yako wewe uliyeketi hapo.

1. JESHI LILILOCHUJWA

Ndani ya mwili wako kuna askari. Watu wa sayansi wanaziita seli T. Hiyo herufi T imetoka kwa jina la thaimasi, tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Weka mkono hapo kifuani. Hapo ndipo seli hizo zilipopitia mafunzo tangu ulipokuwa tumboni mwa mama yako.

Na mafunzo yale ni makali. Seli nyingi sana huingia, chache hutoka. Ile isiyoweza kutambua chochote huondolewa. Ile inayotaka kuushambulia mwili wenyewe nayo huondolewa. Unakumbuka Gideoni alianza na watu wangapi? 32,000. Waoga wakaambiwa warudi, wakaondoka 22,000. Wakabaki 10,000. Wakapelekwa majini, wakabaki 300. Mungu alichuja jeshi kabla ya vita. Mimi nikisoma habari za thaimasi namwona Mungu yule yule.

Zinazobaki zina kazi tofauti. Kuna zinazoitwa CD4. Hizi ni kama Gideoni mwenyewe: zinatoa amri, zinaita wengine, zinatia moyo. Kuna zinazoitwa CD8. Hizi ndizo zenye upanga. Zinaikuta seli ambayo virusi vimeingia, zinaiua pamoja na virusi vilivyomo. Sasa sikiliza ujanja wa adui. Virusi vya Ukimwi vinapoingia, vinamtafuta nani? Vinamtafuta Gideoni. Vinaingia ndani ya CD4. Ndiyo maana daktari anataka kujua CD4 zako ni ngapi. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa na 500 na zaidi katika tone moja dogo la damu. Zikishuka chini ya 200, magonjwa mengine yanaingia kama mbuzi kwenye shamba lisilo na ua.

2. VITA AMBAVYO HAVIISHI

Kuna vita vya siku chache na kuna vita vya miaka. Ukipata homa ya mafua, seli T zako huzaana haraka, hupigana, na kwa juma moja au mawili mambo yamekwisha. Hapo nyingi hufa, maana kazi imekwisha, na chache hubaki kama walinzi wenye kumbukumbu. Adui yule yule akirudi, walinzi hao wanamjua sura.

Lakini kuna virusi ambavyo haviondoki. Ukimwi ni mmoja. Homa ya ini aina ya B, kwa wengi walioipata utotoni, ni nyingine. Hapo seli T inaamka asubuhi, adui yupo. Jioni, adui yupo. Mwaka ujao, adui yupo. Je, askari anaweza kupigana hivyo bila kupumzika?

Mwaka 1993 watafiti huko Zurich, Uswisi, walionyesha kwa panya kwamba virusi vikijaa mwilini kwa wingi na kwa muda, seli T zinazopigana navyo huchoka mpaka zinatoweka. Baadaye ikaonekana kwamba nyingine hazifi, ila zinabaki zimelegea. Zipo, lakini upanga umekuwa mzito mkononi. Na mwaka 2006 wagonjwa wa Durban, Afrika Kusini, wakatusaidia kuelewa zaidi. Watafiti waliangalia seli T zao zinazopigana na virusi vya Ukimwi, wakakuta zimebeba kitu kwa wingi, kinaitwa PD-1. Ukitaka kukielewa, kifikirie kama breki ya pikipiki. Kadiri virusi vilivyokuwa vingi, ndivyo breki ilivyokuwa imekanyagwa. Na wagonjwa walipoanza dawa, virusi vikapungua, na breki nayo ikalegezwa.

Vijana wa boda mko hapo nyuma, mnanisikia? Swali: breki ni adui wa pikipiki? (Hapana!) Ukiteremka mlima bila breki utafika wapi? Hospitali, kama una bahati. Ndivyo ilivyo. Panya walioondolewa breki hiyo kabisa, halafu wakapewa virusi vya muda mrefu, walikufa haraka, kwa sababu askari wao wenyewe waliubomoa mwili wakimtafuta adui. Kwa hiyo kule kulegea si ugonjwa tu. Ni huruma pia. Mwili umejua kwamba vita hivi ni virefu, ukapunguza moto ili nyumba isiungue.

Sasa nenda na mimi kwa Eliya, 1 Wafalme 19. Jana yake ameshusha moto juu ya mlima Karmeli. Leo ametishwa na Yezebeli, amekimbia, amelala chini ya mretemu, anaomba kufa. Amechoka! Mungu alimfanya nini? Alimkemea? Alimwambia, "Imani yako iko wapi?" La. Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili. Mungu wa moto wa Karmeli ndiye huyo huyo Mungu wa usingizi chini ya mti.

Kwa hiyo mpendwa ukiwa umebeba kitu kisichoisha, iwe ni virusi, iwe ni sukari, iwe ni mtoto asiyetembea, na umechoka, usije ukajihukumu. Kuchoka kwako si dhambi. Pumzika. Kula. Halafu uendelee.

3. ELFU SABA WALIOFICHWA

Sasa nakuja mahali ambapo mimi mwenyewe nilisifu Mungu nikiwa nasoma.

Swali lililowasumbua wataalamu lilikuwa hili: kama seli hizo zinachoka, mbona hazimaliziki? Mtu anakaa na virusi miaka, na bado ukipima unazikuta. Zinatoka wapi? Mwaka 2016 makundi mbalimbali ya watafiti, kila kundi kwa njia yake, walipata jibu kwa panya, na zikaonekana zinazofanana nazo kwa binadamu. Walikuta kwamba kati ya zile seli zilizochoka kuna kundi dogo ambalo halikai mstari wa mbele. Linakaa kimya ndani ya tezi za limfu na wengu, mbali na kelele. Halipigani sana. Kazi yake ni kubaki na kuzaa. Seli hiyo inapogawanyika, moja inabaki pale pale kama mama, nyingine inatoka kwenda kupigana. Inayokwenda kupigana itachoka na itakufa. Ile mama inabaki, na kesho inazaa tena.

Mtu wa mjini anaweza kushangaa. Mtu wa Masimba hashangai, kwa sababu ana mgomba nyuma ya nyumba. Si ndio, mama zetu? Mgomba unazaa mkungu mara ngapi? Mara moja tu! Ukishatoa mkungu unaukata, unawapa ng'ombe. Lakini kuna mtu hapa aliyewahi kukata mgomba akasema shamba limekwisha? Hakuna. Kwa sababu chini ya udongo kuna tunguu ambalo halionekani, na kando yake kuna chipukizi tayari. Bibi yako alipanda ule mgomba, wewe unakula ndizi zake leo, na shina alilopanda lilikatwa zamani sana.

Ayubu aliliona jambo hilo, sura ya 14, mstari wa 7 mpaka wa 9: kwamba mti uliokatwa bado una tumaini, na hata shina likizeeka ardhini, harufu ya maji tu inatosha kuliamsha. Ukitaka kuliona kwa macho, angalia shamba la majani chai likikatwa chini. Mgeni akipita atalia, atasema mmeharibu. Wewe unajua ni miezi michache tu.

Eliya alilia mbele za Mungu kwamba amebaki peke yake. Ndivyo alivyoona, maana alikuwa anahesabu walio mstari wa mbele. Mungu akamjibu kwa hesabu nyingine: nimejiwekea elfu saba katika Israeli ambao hawajampigia Baali magoti. Elfu saba! Walikuwa wapi siku ya Karmeli? Walikuwa kimya. Walikuwa wamefichwa. Mungu huwa hapeleki nguvu zake zote mbele kwa siku moja. Huacha mabaki.

Kanisa nalo hivyo hivyo. Tunawapigia makofi wanaoshika maikrofoni. Lakini kuna mama mzee, omong'ina wa watu, anaomba saa tisa usiku hakuna anayemjua. Usimdharau. Siku mhubiri akichoka, nguvu itatoka kwa huyo.

4. WANAWAKE WA MAJENGO

Mtu asiseme haya ni mambo ya panya na ya wazungu. Kenya yetu iko ndani ya habari hii.

Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi hapa Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Mwaka 1985, kule Pumwani, Nairobi, mtaa wa Majengo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kuwafuatilia wanawake wanaouza mwili. Daktari Frank Plummer alikuwa mmoja wao. Muuguzi wetu Mkenya, Profesa Elizabeth Ngugi, aliingia katika nyumba zile ambazo wengine walipita wakiziba pua, akawafundisha wanawake wale kujilinda na kusaidiana.

Wengi katika wanawake wale waliambukizwa, na wengi walikufa. Lakini miaka ilipita na wachache wakawa hawaambukizwi, ingawa walikutana na virusi mara nyingi. Mwaka 1998 ikachapishwa kwamba baadhi yao walikuwa na seli T za CD8 zinazovitambua virusi vile. Askari walikuwa wamesimama mlangoni. Halafu mwaka 2001 likatoka jambo la kuhuzunisha: baadhi ya wanawake hao hao waliambukizwa baadaye, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wamepunguza ile kazi au kuiacha kwa muda. Watafiti wakafikiri kwamba ulinzi ule ulikuwa unahitaji kukumbushwa, na ulipokosa kukumbushwa ukafifia.

Sasa mtu asitoke hapa na kusema mhubiri ameruhusu dhambi, au kwamba kuna mtu asiyeweza kuambukizwa. Sikusema hivyo! Waliodhaniwa wana ngao, ngao ilishuka. Hakuna anayejua kama yuko katika wale wachache, na hata ukiwa kati yao leo, kesho hujui. Jilinde. Pimwa.

Ninachotaka uone ni kingine. Ulimwengu mzima ulijifunza jambo kubwa juu ya seli T kutoka kwa damu ya wanawake ambao mji uliwaita majina ya aibu. Mkono waliounyoosha wakatolewa damu umesaidia watu wasiowajua. Mungu aliyeiweka kamba nyekundu kwenye dirisha la Rahabu hachagui vyombo vyake kwa kura za majirani.

5. ADUI ALIYELALA

Hapa ndipo nataka kila mtu asikie. Hata kama utasahau mengine yote, hili lichukue nyumbani.

Nilisema seli T nyingine hubaki kama walinzi wenye kumbukumbu, zinakaa kimya miaka mingi. Ni baraka, ndiyo maana chanjo inakulinda muda mrefu. Lakini virusi vya Ukimwi vimejifunza kutumia baraka hiyo. Vinaingia ndani ya seli ya CD4 ya kumbukumbu, vinajiandika katika vinasaba vyake, halafu vinalala. Seli inaishi, nacho kirusi kinaishi ndani yake kimelala. Havizaani, kwa hiyo dawa haivigusi, maana dawa huzuia kuzaana. Seli T za CD8 nazo hazivioni, maana havitoi alama yoyote. Mwaka 1999 watafiti walikadiria kwamba kwa dawa peke yake ingechukua zaidi ya miaka 60 hifadhi hiyo kuisha. Umesikia? Zaidi ya miaka 60.

Sasa dada mmoja wa Bwana alinijia akiwa na furaha. Ametoka kliniki, ameambiwa virusi havionekani kwenye damu. Akaniambia, "Mzee, nimepona. Nataka kutoa ushuhuda Jumapili, na vidonge nimeshaviweka kando."

Nikamwambia, "Dada, ushuhuda toa. Vidonge rudia leo leo."

Akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo sijaacha kulitafakari: "Sasa kama ni dawa, Mungu amefanya nini?"

Nitalijibu mbele yenu, maana najua si yeye peke yake anayeliuliza.

Kwanza, kama mtu wa maabara. Mashine ikisema virusi havionekani, ni habari njema kweli kweli. Maana yake dawa inafanya kazi, CD4 zinapata nafasi ya kuongezeka, askari waliochoka wanapumua. Na mtu ambaye virusi vyake vimekaa bila kuonekana, akiendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ndoa. Hilo limethibitishwa. Lakini mashine inahesabu vilivyo kwenye damu. Haihesabu vilivyolala kwenye tezi. Ukiacha dawa, kwa watu wengi huamka ndani ya majuma machache tu. Na ukiwa unameza leo, kesho huli, keshokutwa unameza, unavipa virusi nafasi ya kuizoea dawa, kisha ile dawa haikusaidii tena.

Mtu ataniuliza, "Si kuna watu wasiomeza chochote na bado wako sawa?" Wapo. Ni wachache sana, chini ya mtu 1 kati ya 100 wenye virusi. Usiweke maisha ya watoto wako kwenye bahati ya hesabu hiyo.

Pili, kama mhubiri. Dada yangu, Mungu amefanya nini? Rudi kwa Eliya. Mungu angeweza kumwondoa Yezebeli siku ile. Hakumwondoa. Yezebeli alibaki hai miaka baada ya hapo. Alichofanya Mungu ni kumpa mtumishi wake mkate wa kumfikisha. Kwa nguvu ya chakula kile Eliya alitembea siku arobaini mpaka Horebu. Je, utasema mkate ule haukuwa wa Mungu kwa kuwa uliokwa juu ya makaa kama mkate mwingine?

Na Yesu alipotufundisha kuomba, alitufundisha kuomba mkate wa leo. Hakusema tuombe gunia la mwaka. Kila siku unanyoosha mkono, kila siku unapokea. Wewe unayemeza kidonge kimoja kila jioni, kimeze kwa kushukuru kama unavyoshukuru kabla ya ugali. Hiyo ni imani inayorudiwa mara 365 kwa mwaka.

6. MKATE WA SUKOTHI

Tumalizie kwa Gideoni. Akiwa na watu wake waliochoka alifika mji wa Sukothi, akaomba mikate. Hakuomba askari, hakuomba fedha. Mikate tu. Wazee wa Sukothi wakakataa. Walitaka kwanza kuona kama wafalme wa Midiani, Zeba na Salmuna, wamekwisha kukamatwa. Yaani: shinda kwanza, ndipo tukulishe. Akapanda Penueli, jibu likawa lile lile. Adhabu yao mtaisoma wenyewe. Sitahubiri miiba leo.

Kanisa, sisi tunaweza kuwa Sukothi. Tunampa maikrofoni aliyepona, tunamkwepa anayeendelea kupigana. Tunasubiri ushuhuda ndipo tulete mkate.

Ninajua kuna mtu wetu ambaye kliniki iko karibu na anaipita. Anapanda matatu mpaka Kisii mjini, analipa nauli kwenda na kurudi, ili tu asionekane na mtu wa kanisa lake. Mwezi ambao nauli hakuna, dawa hakuna. Hapo siyo virusi vilivyomwangusha. Ni midomo yetu.

Tangu mwaka 2016 mwongozo wa Kenya unasema kila mtu anayepatikana na virusi aanze dawa bila kungoja CD4 zishuke. Dawa zipo, na katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mkate: mtu wa kukushikia mtoto siku ya kliniki, mtu wa kukukumbusha saa, uji kabla ya kidonge, mtu anayejua siri na hasemi. Akina mama wa chama, hilo mnaweza. Wazee, hilo tunaweza. Ukijua jambo la mwenzako, lifiche kama Mungu alivyowaficha wale elfu saba.

Na sasa kuhusu uponyaji, ili mtu asiseme mzee huyu haamini. Mimi naamini Yesu anaponya! Lakini soma Luka 17. Wakoma kumi walimlilia. Aliwaambia nini? Waende wakajionyeshe kwa makuhani. Katika sheria ya Musa kuhani ndiye aliyechunguza ngozi na kusema huyu ni safi, huyu bado. Yesu mwenyewe aliupeleka muujiza wake ukapimwe! Hakuogopa. Basi ukiamini Mungu amekugusa, nenda na dawa zako mkononi, wakakupime, wakupime tena, na wao wenyewe ndio waseme. Muujiza wa kweli hauogopi maabara. Anayekuambia usipimwe anaficha nini?

Kwa hiyo katika kanisa hili hakuna mtu atakayeambiwa atupe dawa. Akija mgeni akasema hivyo katika nyumba ya maombi, mwenye nyumba ana ruhusa ya wazee kumwambia aketi chini. (Amina!)

Wale 300 walifika. Mstari wa 10 mpaka wa 12 unasema walimkuta adui akiwa amejisahau, akidhani yuko salama, na wafalme wawili wakakamatwa. Bila mkate wa Sukothi, bila mkate wa Penueli, wakiwa wamechoka vile vile. Hawakufika kwa kuwa hawakuchoka. Walifika kwa kuwa hawakurudi nyumbani.

Simama tuombe. Sitaita mtu mbele leo, kwa sababu nataka aliye na siri abaki na siri yake. Mahali ulipo weka mkono kifuani, pale pa ile tezi.

Bwana, wewe ulizihesabu seli zetu kabla hatujajua zina jina. Mtie nguvu aliyechoka. Aliyeacha dawa, mrudishe kesho asubuhi bila aibu. Anayeogopa kupimwa, mpe mtu wa kumsindikiza. Tufunge midomo, utufungue mikono. Wape hekima wauguzi na madaktari wetu, na wale wanaotafuta njia ya kumwamsha adui aliyelala ili aangamizwe. Siku hiyo ikifika tutakusifu. Kabla haijafika, tupe mkate wa leo. Katika jina la Yesu. Amina.

KWA MAKUNDI YA NYUMBANI

Someni pamoja Waamuzi 8:4–12, halafu mjadili:
1. Kwa nini wazee wa Sukothi walikataa kutoa mkate? Sisi tunakataa kwa njia gani?
2. Mtu akikuambia ameombewa na ameacha dawa, utamjibu nini bila kumvunja moyo?
3. Ni "mkate" gani mmoja ambao kundi lenu linaweza kupeleka juma hili, kwa nani, bila kutangaza?

Mstari wa juma wa kukariri: Wagalatia 6:9.